Je, Wajua? Kima wa Unguja Hula Makaa

Kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar pekee, hula makaa! Huyaokota kwenye visiki vilivyoungua na matanuri ya wachoma makaa. Majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo. Makaa huzinasa, naye akashiba salama.

La kusikitisha ni kwamba matanuri hayohayo humaliza msitu wake. Mashariki ya Unguja miti huota kwenye nyufa za matumbawe ya kale. Udongo ni haba mno, hivyo mti uliokatwa huchukua miaka kurudi.

Chokaa iliyojenga Mji Mkongwe nayo ilikula kuni nyingi: mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, kisha huchomwa. Boriti za mikoko ya pwani yetu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni, kuezeka nyumba za nchi yenye miti michache.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, makao ya kima punju iliyotangazwa mwaka 2004, ina kilomita za mraba 50 tu. Ukiitembelea, usikate hata kijiti.