Mtoto, Simu na Mtandao: Sayansi ya Ujumbe Usiozoleka

Utangulizi

Kila shule za sekondari za bweni zinapofunga kwa likizo, wanafunzi wengi hurejea makwao na kukutana na kifaa ambacho shuleni kimekatazwa, yaani simu yenye mtandao. Kwa miezi kadhaa hawakuigusa. Sasa kwa majuma machache watakuwa nayo usiku na mchana. Shule imetimiza kanuni zake, na mzazi amefurahi kumwona mwanawe ametulia sebuleni. Lakini baina ya kanuni ya shule na furaha ya mzazi kuna pengo, na ndani ya pengo hilo mtoto yu peke yake.

Mwandishi wa makala haya alilifahamu pengo hilo kwa njia ya uchungu. Miaka michache iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alifahamiana kwa njia ya mchezo wa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni msichana wa rika lake. Baada ya siku chache za mazungumzo matamu waliombana picha, naye akatuma picha moja ambayo hakutaka ionwe na mtu mwingine. Jioni ile ile "msichana" akageuka kuwa mdai: tuma fedha, ama picha itawafikia jamaa zako wote. Kijana alituma mara mbili, akitumia nauli yake ya kurudia shule. Nauli ilipokosekana ndipo siri ilipofunguka. "Mjomba," aliniambia, "baba aliapa kuivunja simu nikifanya upuuzi. Ningemwambia nini?"

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza halikuwa jema. Nilimuuliza kwa nini aliituma. Akanyamaza kimya, na ilinichukua saa nzima kumrejesha kwenye mazungumzo. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, lakini saa ile ilinifunza kwamba kuijua mitambo si sawa na kumjua mtoto anayeitumia. Makala haya yanakusudia kueleza yote mawili kwa walimu na wanafunzi.

Safari ya ujumbe

Mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha kutuma, huona kana kwamba ujumbe umetoka mkononi mwake ukaingia moja kwa moja mkononi mwa mwenzake. Sivyo. Kwanza simu huubadilisha ujumbe kuwa mfuatano wa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Kisha huugawa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya iendako. Pakiti hizo husafiri kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa simu, na kutoka hapo hupita katika nyaya za kioo hadi kwenye kompyuta kubwa za kuhifadhia taarifa, ziitwazo seva, ambazo mara nyingi ziko nchi za mbali.

Pwani ya Afrika ya Mashariki iliunganishwa na mkonga wa SEACOM wa chini ya bahari mwezi Julai 2009, na mikonga mingine ikafuata. Ndani ya mkonga, ujumbe huenda kwa umbo la mwanga. Kasi ya mwanga katika kioo hukaribia kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo safari ya kilomita 10,000 huchukua sehemu moja tu ya ishirini ya sekunde. Hakuna muda wa kujuta njiani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kila kituo kinachopokea ujumbe kinaweza kuwa na nakala yake. Anayefuta picha katika simu yake amefuta nakala moja. Simu ya aliyeipokea inayo ya pili, na kama ameipiga picha skrini yake ipo ya tatu. Hata programu zinazotangaza kwamba picha itatoweka baada ya kutazamwa haziwezi kumzuia mtu kuipiga picha kwa simu nyingine. Wahenga waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuijua intaneti, lakini waliijua kanuni yake.

Kuna pia taarifa zinazojificha. Simu nyingi zinaweza kuandika ndani ya faili ya picha tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Baadhi ya programu huziondoa taarifa hizo wakati wa kutuma, na nyingine haziziondoi. Tena macho ya kawaida yanatosha: nembo ya shule kwenye sare, kibao cha mtaa, au namba ya nyumba vitamwambia mgeni mahali pa kumpata mtoto.

Hesabu ya usambazaji

Tuchukue mfano wa darasani. Mwanafunzi mmoja anatuma picha ya kumdhihaki mwenzake kwa watu 5. Kila mmoja wao anaituma kwa wengine 5, na hao nao vivyo hivyo. Hatua ya kwanza watapokea watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125, na ya sita 15,625. Jumla, kama hakuna aliyeipokea mara mbili, ni watu 19,530, yaani zaidi ya wanafunzi wa shule nyingi kwa pamoja. Katika maisha halisi wengi hawatasambaza na wengine wataipokea mara mbili. Hata hivyo mwelekeo ni huo.

Hesabu hii si ya kinadharia tu. Mwaka 2018 nchini India uvumi kuhusu wezi wa watoto ulisambaa kwa simu, na watu wasio na hatia wakauawa na makundi ya watu wenye hasira. Mwezi Januari 2019 kampuni ya WhatsApp iliweka duniani kote kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 tu kwa mara moja. Mwanafunzi wa hisabati ataona mara moja kwamba kikomo hicho hupunguza kasi ya mfuatano lakini hakiukomeshi. Unaokomesha ni uamuzi wa mtu mmoja asiyesambaza: katika mfano wetu, mtu mmoja wa hatua ya kwanza akikataa, watu 3,905 wa hatua zinazofuata hawatafikiwa kupitia kwake.

Umri na ubongo

Mitandao mingi ya kijamii humtaka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Wazazi wengi hudhani umri huo uliwekwa kwa sababu mtoto wa miaka 13 amekomaa. Asili yake hasa ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyozitaka kampuni kupata idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Ni mpaka wa biashara ya taarifa, wala si kipimo cha akili.

Elimu ya ubongo yatuambia jambo jingine. Sehemu za ubongo zinazohusika na furaha, hamu na sifa za wenzi huchangamka mapema katika ujana. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kijana hodari wa fizikia anaweza basi kutenda usiku jambo ambalo asubuhi yeye mwenyewe halielewi. Huu si udhaifu wa tabia yake. Ni hatua ya ukuaji, na ndiyo sababu anahitaji mtu mzima karibu.

Mlaghai ni nani?

Picha iliyo vichwani mwetu ni ya mgeni aliyejificha nchi ya mbali. Wageni wa namna hiyo wapo, kama mpwa wangu alivyogundua. Lakini utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi 13, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17, na ukaonyesha kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Ulionyesha pia kwamba watoto wengi waliotendewa ukatili mtandaoni hawakumweleza mtu yeyote. Waliosema walimwambia zaidi rafiki au ndugu, na wachache sana walikwenda polisi au walipiga simu ya msaada.

Awe mgeni au mwenyeji, njia yake hufanana. Huanza kwa sifa na kusikiliza. Hufuata zawadi ndogo, kama vile bando. Kisha hutaka mazungumzo yahamie mahali pa faragha, na huomba siri: "Usimwambie mama." Ombi la picha au la kukutana huja mwishoni, na likikubaliwa vitisho huanza. Mwanafunzi na akumbuke alama moja kuliko zote: mtu mzima mwenye nia njema hamwombi mtoto kuficha urafiki wao.

Alama ya vidole ya picha

Je, picha iliyokwisha kusambaa inaweza kuzuiwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na hapa hisabati imetusaidia. Kwa kompyuta, picha ni orodha ndefu ya tarakimu. Orodha hiyo inaweza kupitishwa katika kanuni ya hesabu ikatoa namba fupi, iliyo kama alama ya vidole vya picha hiyo.

Mfano mwepesi ni huu. Ipe kila herufi namba yake: A ni 1, B ni 2, na kuendelea. Neno MAJI litatoa 13 + 1 + 10 + 9, yaani 33. Anayepewa 33 peke yake hawezi kujua kwamba neno lilikuwa MAJI. Kanuni halisi ni tata zaidi kiasi kwamba ni nadra mno picha mbili tofauti kutoa alama moja. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft pamoja na Profesa Hany Farid walibuni mfumo wa PhotoDNA, unaoweza kuitambua picha hata ikiwa imebadilishwa ukubwa.

Kwa msingi kama huo, mwaka 2023 kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na waliodhulumiwa kilitangaza huduma iitwayo Take It Down. Mtu ambaye picha yake ya faragha ilipigwa kabla hajatimiza miaka 18 huitumia bila kutaja jina lake. Picha haitoki katika simu yake. Alama peke yake ndiyo inayotumwa kwa kampuni zilizojiunga, nazo huitafuta na kuiondoa katika mitambo yao. Huduma hii haifiki kwenye kampuni zisizojiunga wala kwenye mazungumzo yaliyofungwa kwa siri. Hata hivyo mtoto aliyedhani kwamba hakuna tena la kufanya apaswa kujua kuwa lipo.

Yafaayo kutendwa

Mtoto akipatwa na vitisho, hatua hizi zifuatwe:

(a) Asilipe. Mpwa wangu alilipa mara mbili, na kila malipo yalileta dai jipya.

(b) Asiendelee kujibu, na amfungie mtu huyo njia ya mawasiliano. Lakini asifute mazungumzo, namba za simu wala risiti za fedha, kwa kuwa huo ndio ushahidi.

(c) Amweleze mtu mzima anayemwamini siku hiyo hiyo. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto. Tanzania pia ina Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi.

(d) Mwenzi aliyeletewa picha ya faragha ya mtoto asiisambaze kwa yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono za watoto na pia uonevu wa mtandaoni, na mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kwa mzazi na mwalimu, neno ni moja. Tishio la kuivunja simu halimzuii mtoto kukosea, humzuia kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi ni sisi watu wazima tunaomfundisha kuyaficha. Yafaa mtoto aambiwe mapema, kabla ya kosa lolote: "Ukiingia matatani, njoo kwangu kwanza. Kuhusu simu tutazungumza baadaye."

Hitimisho

Mpwa wangu alirudi shuleni akiwa amechelewa juma moja. Picha haikusambazwa, kwa kadiri tujuavyo. Mdai alipokosa jibu alinyamaza. Baba yake hakuivunja simu. Alikaa na mwanawe jioni tatu, wakazungumza mambo ambayo walistahili kuyazungumza kabla ya likizo kuanza.

Mtandao hautaondoka, wala haufai kuondoka. Humo mwanafunzi wa kijijini husoma vitabu ambavyo maktaba yake haina, na huuliza maswali ambayo jirani zake hawawezi kuyajibu. Kazi yetu ni kumfundisha kuutumia kama tunavyomfundisha kutumia asidi katika maabara: kwa maarifa, kwa tahadhari, na mwalimu akiwa chumbani.

Maswali ya majadiliano

1. Kokotoa upya mfano wa usambazaji ikiwa kila mtu anatuma kwa watu 3 badala ya 5. Baada ya hatua sita jumla ni watu wangapi?

2. Tafuta maneno mengine mawili ya Kiswahili ambayo jumla ya herufi zake ni 33. Matokeo hayo yanaonyesha udhaifu gani wa kanuni yetu nyepesi?

3. Mwanafunzi mwenzako amekuja kwako na siri kama ya mpwa wa mwandishi. Sentensi yako ya kwanza itakuwa ipi?