Kupiga picha vitalu vya nyota kutoka Mugumu

Katikati ya Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaanza, kundinyota la Jabari hufika karibu utosini pa mtu aliyesimama Mugumu, wilayani Serengeti, mnamo saa mbili na nusu usiku. Kusini kidogo ya nyota zake tatu zilizojipanga mstari kuna doa lenye ukungu. Hilo ni nebula: wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka nuru 1,350 hivi, ambamo nyota zinazaliwa hadi leo. Saa tano baadaye nebula ya kundinyota la Mkuku, kubwa kuliko hiyo, hufika kilele chake upande wa kusini. Mpiga picha wa London hawezi kuiona akiwa kwao.

Neema hiyo ya kuwa jirani na ikweta ina gharama yake. Mota ya kufuatilia nyota hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, na huku ncha ya kusini iko nyuzi 2 tu juu ya upeo. Kilima kidogo kinaificha. Nyota ya Kaskazini nayo haisaidii.

Basi wengi hutumia stendi ya kawaida na picha fupi fupi. Kwa lenzi ya milimita 200, sekunde 2 au 3 zinatosha nyota za Jabari zianze kuacha michirizi. Za Mkuku, kwa kuwa ziko karibu zaidi na ncha, husogea kwa nusu ya kasi hiyo. Ni vyema pia kuipa mgongo mianga ya mgodi wa Nyamongo, kule Tarime.

Kazi kubwa iko kwenye kompyuta. Programu za bure kama Siril hulinganisha picha hizo nyota kwa nyota, kisha huzijumlisha. Picha 100 hupunguza chengachenga mara 10. Picha zilizopigwa lenzi ikiwa imefunikwa hutumika kuondoa kasoro za kamera yenyewe. Halafu mwanga hafifu huinuliwa taratibu, hadi mabawa ya wingu yajitokeze.

Wekundu wa hidrojeni mara nyingi hutoka hafifu, maana kamera za kawaida zina kichujio kinachouzuia. Kiini cha nebula ya Jabari, kinyume chake, huungua na kuwa cheupe pe. Dawa yake ni kuchanganya humo picha za muda mfupi zaidi, ndipo zinapoonekana nyota nne changa zinazoliangaza wingu zima.