Saa Mbili za Asubuhi Bila Simu

Leo siongelei mbolea wala mbegu. Naongelea kitu ambacho vijana wengi tunakipoteza kila asubuhi na hatukiandiki kwenye gharama za shamba: umakini.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna msimu nilipanda nyanya robo eka hapa Ilula. Shambani nilikuwa nafika mapema, saa moja kamili. Lakini nikifika nakaa kwenye tuta, nafungua simu. Nilikuwa kwenye magrupu sita ya wakulima, na maswali hayaishi. Huyu katuma picha ya jani, yule anauliza dawa, nami najibu. Nikimaliza napitia status, naangalia bei ya tenga, nacheka vichekesho viwili vitatu. Nikiinua kichwa ni saa nne, jua kali. Nazunguka haraka haraka, naona kijani, naondoka.

Siku moja jirani yangu, mzee anayetumia kitochi, akaniita: "Bwana shamba, hebu njoo uone hapa." Alichuma jani kwenye shamba langu, akalielekeza juani. Ndani yake kulikuwa na funza. Kantangaze! Nilipokagua vizuri, matunda mengi yalikuwa yameshatobolewa. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewafundisha watu kwenye grupu namna ya kumtambua. Msimu ule sikuvuna hata nusu ya matenga niliyotarajia.

Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, na mpaka leo anatusumbua kwa sababu anakwenda kasi. Jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260, nayo huanguliwa ndani ya siku chache. Funza akishajichimbia ndani ya jani au tunda, dawa nyingi za kugusa hazimfikii. Nondo wake hurukaruka alfajiri na jioni, mchana anajificha kwenye majani. Kwa hiyo yale masaa niliyokuwa nampa simu ndiyo masaa niliyotakiwa kulipa shamba.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Simu inabaki nyumbani kuanzia saa moja mpaka saa tatu. Kuiweka mfukoni haisaidii. Ikitetemeka tu, akili imeshahama.

2. Naingia shambani na daftari na kalamu. Natembea zigizaga, nasimama sehemu tano, na kila sehemu naangalia miche kumi: juu ya jani, chini ya jani, kikonyo, tunda. Nahesabu na nondo walionasa kwenye mtego. Vyote naandika.

3. Kabla ya kutoka naandika kazi moja kubwa ya siku. Kama ni palizi, ni palizi. Mambo mengine yanafuata.

4. Saa nne nawasha simu. Hapo ndipo napiga picha ya nilichokiona, napokea simu za madalali na kujibu magrupu. Nimebaki na magrupu mawili tu, mengine nimejitoa.

Najua utaniambia, "Bwana shamba, nikiacha simu si nitakosa mteja?" Hata mimi niliogopa. Nikamwambia dalali wangu kwamba napatikana kuanzia saa nne. Alinung'unika siku mbili, akazoea. Mteja anaweza kusubiri saa mbili, funza hawezi.

Simu siyo adui. Bei nazipata humo, malipo napokea humo. Ila lazima iwe na saa zake, kama umwagiliaji ulivyo na saa zake.

Jaribu kwa siku saba tu. Siku ya saba soma daftari lako kuanzia mwanzo. Naamini utakuta kitu kwenye shamba lako ambacho ulikuwa unakipita kila siku.

Mzee wangu wa kitochi bado anapita. Juzi kachuma jani, kaliangalia juani, kalitupa. "Leo safi," akasema, akaenda zake.

Kazi njema.