Kitabu Kisicho na Jalada: Jinsi ya Kutafuta Kitabu cha Utotoni Kilichopotea Jina

Utangulizi

Kila mwalimu wa lugha amewahi kuulizwa swali la namna hii: "Mwalimu, kulikuwa na kitabu fulani cha zamani, jina lake silikumbuki, ila kina mtu hivi na hivi. Wakijua?" Mara nyingi tunajibu kwamba bila jina la kitabu wala la mwandishi hakuna la kufanya. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa jibu hilo ni la haraka mno. Tutatumia mfano mmoja uliotufikia kutoka Zone Industrielle hapa Bujumbura, na kwa kupitia mfano huo tutaeleza hatua ambazo mwalimu au mwanafunzi anaweza kuzifuata.

Swali lilivyotufikia

Wanafunzi wetu walikwenda Zone Industrielle kuchunguza msamiati wa wafanyakazi wa maghala. Eneo hilo linafaa kwa utafiti wa aina hiyo, kwani bidhaa nyingi hufika mjini kwa malori kutoka Dar es Salaam au kwa meli kutoka Kigoma, na madereva, makuli na makarani huelewana kwa Kiswahili hata pale ambapo hati za mizigo zimeandikwa kwa Kifaransa. Swali la mwisho la hojaji liliuliza: "Ni kitabu gani cha Kiswahili ulichokisoma au kusomewa utotoni?" Wengi waliacha nafasi hiyo wazi. Mtunza ghala mmoja, mzee wa miaka hamsini na ushei, aliomba karatasi ya ziada.

Mzee huyu alikulia Mishamo, makazi ya wakimbizi Warundi yaliyoanzishwa mwaka 1978 katika Wilaya ya Mpanda, Tanzania, sehemu ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi. Kama watoto wengine wa waliokimbia mwaka 1972, alisoma shule ya msingi kwa mtaala wa Tanzania, yaani kwa Kiswahili. Jioni kaka yake mkubwa alikuwa akiwasomea wadogo zake kitabu kisichokuwa na jalada. Kurasa za mwisho nazo zilikuwa zimechanika. Hadithi iliishia mahali ambapo watu wamefungiwa ndani ya pango lililojaa almasi. Kaka huyo alifariki kabla ya familia kurejea Burundi mwaka 2009. Chini ya karatasi yake mzee aliandika: "Naomba kujua kama walitoka."

Hatua ya kwanza: kuandika kila kitu bila kusahihisha

Kosa la kwanza la mtafutaji ni kumsaidia mno anayekumbuka. Tukimwuliza, "Je, si kile cha fulani?" huenda akakubali kwa adabu tu, na kuanzia hapo kumbukumbu yake huchanganyika na yetu. Ni bora aseme mwenyewe, nasi tuandike kama anavyosema. Mzee alitupa mambo sita:

(a) ramani iliyochorwa kwa damu na mtu aliyekuwa akikata roho;
(b) Mzungu aliyewashangaza wenyeji kwa kuyatoa meno yake kinywani;
(c) bibi kizee mchawi aliyeijua njia ya pangoni, ambaye mzee alimwita "kigagula";
(d) mtu mwenye mguu mmoja na kasuku wake;
(e) Kibanga;
(f) jina, ambalo hakuwa na hakika nalo: "Pango la Seremani".

Hatua ya pili: kusikiliza lugha ya anayekumbuka

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapomzidi mtafutaji mwingine yeyote. Jina la kitabu linapokaa kichwani miaka arobaini hupita katika matamshi ya mwenye nalo. Kirundi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kifanyavyo, na msemaji aliyelelewa kwa Kirundi huweza kusema "Seremani" akikusudia Selemani au Sulemani. Aidha, watu hukumbuka maana ya jina kuliko neno lenyewe. Aliyesikia "shimo" anaweza kukumbuka "pango", na aliyesikia "hazina" anaweza kukumbuka "mali". Orodha ya maktaba hutafuta herufi kama zilivyoandikwa, na haijui kwamba pango na shimo ni majirani. Kwa hiyo tuliandika visawe vyote tulivyoweza, pamoja na tahajia zote za jina la Sulemani, kabla ya kugusa orodha yoyote.

Hatua ya tatu: kuwatenganisha wahusika

Kwa kawaida majina ya wahusika hudumu kuliko majina ya vitabu. Hata hivyo, mhusika mmoja anaweza kutuelekeza kwa mwandishi bila kutufikisha kwenye kitabu. Kwa mfano, anayemkumbuka mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anazungumzia kazi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Lakini Bwana Msa yumo katika mfululizo mzima, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Hapo hatuna budi kuuliza jambo la pili na la tatu.

Katika orodha ya mzee, mambo sita yalikataa kukaa katika kitabu kimoja. Mtu wa mguu mmoja mwenye kasuku ni Long John Silver wa Robert Louis Stevenson, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimjua kupitia tafsiri ya Kisiwa chenye Hazina. Kibanga naye hatoki katika riwaya. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania katika miaka ile analijua somo la Kibanga aliyempiga mkoloni. Hivyo (d) na (e) tuliziweka kando. Zilizobaki, yaani ramani ya damu, meno ya bandia, bibi kizee mchawi na almasi pangoni, zilielekea upande mmoja.

Hatua ya nne: kuijua historia ya uchapishaji

Anayetafuta hana budi kujiuliza ni vitabu gani vingeweza kufika mahali pale wakati ule. Vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1980 vilitoka katika mikondo kadhaa. Kulikuwa na vitabu vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuvunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kulikuwa na vya Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966. Na kulikuwa na tafsiri za zamani za enzi ya ukoloni zilizoendelea kuchapwa upya na kusomwa mashuleni. Miaka ya 1980 Tanzania ilikabiliwa na uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni, na nakala moja ilisomwa na watoto wengi mpaka ikaachana. Kukosekana kwa jalada, kwa hiyo, kulituambia kwamba kitabu hiki kilipendwa.

Tulipounganisha dalili hizo tulikipata: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1929 kutokana na riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Mchawi wa Haggard anaitwa Gagool, na mlio wa neno "kigagula" ulikuwa umeshatudokeza hivyo. Wasomaji wa jarida hili wanamjua Johnson kwa kazi nyingine. Ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, na kamusi zinazotajwa kwa jina lake bado zimo katika maktaba zetu.

Tulipata nini zaidi ya jina?

Mzee alishangaa kusikia kwamba kitabu kile ni tafsiri. "Kaka alikuwa akikisoma kama hadithi ya kwetu," alisema. Hilo ni la kutafakari darasani. Riwaya ya Haggard inaitazama Afrika kwa macho ya Mzungu anayesaka mali, na walimu hatupaswi kulinyamazia jambo hilo. Lakini mtoto wa Mishamo hakuipokea kama ilivyoandikwa London.

Tulipomwuliza tena juu ya Kibanga, ukweli ulijitokeza. Kwa kuwa kurasa za mwisho hazikuwepo, kaka alikuwa akibuni mwisho wake mwenyewe, na kila jioni ulikuwa tofauti kidogo. Katika mwisho uliopendwa zaidi, Kibanga yule wa kitabu cha shule alikuja, akalisukuma jiwe, akawafungulia waliofungiwa, lakini kwa sharti kwamba almasi zibaki pangoni. Jambo tuliloliweka kando kuwa kosa la kumbukumbu halikuwa kosa. Lilikuwa utunzi wa kijana mmoja ambao haumo katika kitabu chochote.

Mwenzetu aliyekuwa Dar es Salaam alikisoma kitabu hicho maktabani na kutuandikia sura za mwisho kwa muhtasari. Tulikwenda Zone Industrielle saa ya mapumziko tukamsomea mzee mlangoni mwa ghala: jinsi wale watu walivyohisi hewa safi gizani, wakaona jiwe lenye pete sakafuni, wakalinyanyua, wakashuka ngazi na kupapasa njia chini ya ardhi mpaka wakatokea nje, wakiwa na almasi chache tu mifukoni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi walitoka," alisema. Kisha akatuomba tuandike na ule wa kaka yake, tusije tukauacha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kitabu kilichopotea jina kinaweza kutafutwa kwa utaratibu: kuandika bila kusahihisha, kusikiliza matamshi na visawe, kuwatenganisha wahusika, na kuijua historia ya uchapishaji. Tumeonyesha pia kwamba kinachobaki nje ya kitabu baada ya uchambuzi kisitupwe, kwa kuwa huenda ni fasihi simulizi ya nyumba fulani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Idara sasa imefungua daftari la vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa na Warundi utotoni, iwe Bujumbura, makambini au kwingineko. Mwisho wa Kibanga umeandikwa katika kurasa mbili za kwanza, kama mzee alivyousimulia. Tunawaomba walimu na wanafunzi wawaulize wazazi na majirani zao, na kutuletea majibu hata kama hayana jina la kitabu.