Steki na Tambi za Krimu kwa Wawili
Mwenye shinikizo la juu la damu akipikiwa sufuria yake peke yake, huchoka upesi na kurudia chumvi. Afadhali wenzi wale chungu kimoja. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Jibini na viungo vya mchuzi vya dukani huzimaliza kimyakimya. Nyama ikolezwe kwa kitunguu saumu, pilipili manga na ndimu. Nusu ya krimu iwe maziwa yaliyofanywa mazito kwa unga kidogo. Steki nayo iive hadi katikati, ingawa mikahawa huisifu ikiwa nyekundu: nyama mbichi ya ng'ombe huweza kubeba mabuu ya tegu.