Risasi Iliyobaki Udongoni

Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilifungwa mwaka 2014. Moshi ukakoma, madini ya risasi yakabaki udongoni. Mtoto anayetambaa huyameza kwa vidole vyake, na utumbo wake huyafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya ule wa mtu mzima. Mwili, ukiyadhania kuwa kalsiamu, huyahifadhi mifupani kwa miongo ya miaka. Mwanamke akishika mimba, mifupa huyaachilia damuni, yakamfikia mtoto asiyewahi kuuona moshi ule. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Nasi kliniki tumwulize kila mjamzito: utotoni uliishi wapi?