Kwa nini mnene husikia njaa upesi? Jibu la tiba ya kale ya India

WATU wengi huamini kwamba mtu mnene ni mlafi tu, na kwamba akiamua kufunga mdomo atapungua. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita waganga wa India walikuwa na maelezo tofauti: mnene hula sana kwa sababu anasikia njaa ya kweli, na njaa hiyo ni sehemu ya ugonjwa.

Maelezo hayo yamo katika Charaka Samhita, kitabu kikuu cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India.

Moto wa tumbo

Katika tiba hii, nguvu ya kusaga chakula huitwa agni, yaani moto. Fikiria jiko la kuni. Ukilijaza kupita kiasi, moto hufifia na moshi hutanda. Vivyo hivyo, chakula kisichosagwa vizuri husemwa kuacha uchafu mzito uitwao ama, ambao huziba njia za mwili.

Moto wa tumbo una hali nne: uliotulia, unaoyumba, mkali na dhaifu. Mwenye moto unaoyumba leo husaga vizuri, kesho tumbo hujaa gesi. Mwenye moto mkali humaliza chakula haraka, na mwenye moto dhaifu huelemewa hata na chakula kidogo.

Mafuta yanapoziba njia

Charaka anataja vyanzo vya unene: kula kupita kiasi, vyakula vitamu, vizito na vya mafuta, kutofanya mazoezi, kulala mchana, na pia kurithi kwa wazazi.

Mafuta yakizidi, anasema, huziba njia za mwili. Upepo wa ndani, uitwao vata, hubaki tumboni ukiuchochea moto kama upepo unavyochochea moto wa msituni. Chakula huisha upesi na njaa hurudi, huku sehemu nyingine za mwili zikikosa lishe. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mnene na bado akawa mchovu na mwenye njaa.

Tiba yake haikuwa kumshindisha mgonjwa na njaa. Alishauri vyakula vinavyokaa tumboni muda mrefu bila kunenepesha sana, kama shayiri na choroko, pamoja na mtindi uliotolewa siagi. Mazoezi yaliongezwa kidogo kidogo. Kuhusu kipimo cha mlo, alifundisha kuligawa tumbo mara tatu: sehemu moja ya chakula kigumu, moja ya vinywaji, na moja iachwe wazi.

Sayansi inasemaje?

Hospitali hazina kipimo cha agni, na nadharia ya ama haijathibitishwa na sayansi ya leo. Hata hivyo, baadhi ya ushauri huo unaeleweka. Shayiri ina nyuzinyuzi zinazochelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo mtu hukaa ameshiba muda mrefu zaidi. Inajulikana pia kwamba homoni za njaa na shibe huchangia unene. Si suala la tamaa peke yake.

Kwingine tiba hizi mbili zinapingana. Charaka alimtaka mnene apunguze usingizi hatua kwa hatua, wakati tafiti za sasa zinahusisha usingizi mchache na kuongezeka uzito. Asali nayo, inayosifiwa sana katika Ayurveda, ni sukari, na mwenye kisukari asiitumie kama dawa.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa dawa za kupunguza uzito. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Neno "asilia" kwenye chupa halimaanishi salama, hasa kwa mjamzito na mtoto.

Cha kufanya nyumbani

Usile mlo mwingine kabla ule wa kwanza haujashuka. Acha kula kabla hujavimbiwa. Tembea kila siku, na ongeza mwendo taratibu.

Ukiona uzito unapanda bila sababu, au njaa na kiu vimezidi, nenda ukapimwe sukari na shinikizo la damu kwanza. Na kama mnene ni mwanao au mwenzi wako, usimcheke mezani. Badilisheni chakula cha nyumba nzima, ili asijione yeye peke yake ndiye anayeadhibiwa.